Nani Apange Kikosi cha Blaenddu

Blaenddu, Wales
Jumapili, 3 Septemba 1961

Kwa Mjomba Cadwaladr,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama, dada yako, hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua zianze, na hapa mvua zilianza Julai. Anakuomba umwambie binamu Eluned kwamba kitambaa alichotuma kutoka Kanada kimetosha mapazia mawili na bado kimebaki cha kushonea foronya. Mchungaji mpya amefika. Mahubiri yake ni mafupi, na wazee wanamshuku kwa sababu hiyo. Mwanao Goronwy hajambo, na mkewe Nest hajambo. Wote wanakusalimu.

Unajua kwamba nilirudi mwezi wa saba. Baada ya miaka kumi na tano ya kucheza beki wa kati Uingereza, na kofia tisa nilizotunukiwa kwa kuichezea timu ya taifa, ambazo Mama amezipanga juu ya kabati kama vyungu, niliona magoti yangu yamefanya kazi ya kutosha. Klabu ya nyumbani iliponiita niwe meneja wake, sikuomba muda wa kufikiri. Nilikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo, filimbi moja, na mipira sita, miwili kati yake haishiki upepo.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda kwenye kamati nikiwa nimekiandika kikosi changu kwenye karatasi. Walikuwa wamekaa katika chumba cha nyuma cha kanisa, watu tisa, kofia zao magotini. Bleddyn Parry mwenye duka la vyuma, ambaye watu bado wanamwita Parry Misumari, ndiye mwenyekiti. Nikamwekea karatasi mezani.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kikosi cha Jumamosi."

"Kikosi cha Jumamosi hakijapigiwa kura, Ithel. Kaa."

Nikakaa. Wakaanza na golikipa: jina, mtoa hoja, mwunga mkono, mikono juu. Walipofika mshambuliaji wa kati nilisimama ili niseme neno. Tegid Posta, aliyekaa kando yangu, akanivuta koti. "Meneja hana kura hapa, bwana."

"Sasa kazi yangu ni nini?"

"Kuwafundisha hao tutakaowachagua. Na kuhesabu mipira baada ya mechi. Aliyekutangulia alipoteza miwili mtoni."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao, maana nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Walinionyesha kanuni ya saba, uliyoiandika wewe ulipokuwa katibu: kikosi kitachaguliwa na kamati kwa kura, na kanuni hiyo haitabadilishwa ila kwa saini ya mlezi wa klabu. Mlezi ni wewe, tangu siku uliyoondoka kwenda kuishi kwa Eluned. Parry alisema hivi: "Lete saini ya Cadwaladr, nasi tutakuachia kikosi, na ufunguo wa kanisa pia ukitaka."

Mkutano mkuu ni Alhamisi, tarehe 11 Januari. Naomba saini yako iwe mezani siku hiyo. Manahodha wengi, Mjomba. Mwisho wake unaujua.

Mpwa wako,
Ithel


Hamilton, Ontario
Jumatatu, 18 Septemba 1961

Ithel mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe 3 ilinifikia tarehe 11. Tarehe 3 ilikuwa Jumapili. Nachukulia kwamba uliiandika Jumamosi ukakosea tarehe, maana sipendi kuchukulia kwamba siku hizi unaandika barua siku ya Sabato.

Sisi sote tu wazima. Eluned na mumewe wanafanya kazi zao, nami nimepewa bustani ndogo nyuma ya nyumba, ambamo vitunguu vinaota vizuri kupita kiasi. Joto limepungua. Jirani yetu ni Mwaitalia. Hatuelewani kwa neno hata moja, na kwa hiyo hatujawahi kukosana. Nyumba za hapa zimeezekwa kwa karatasi yenye lami. Kwa mtu aliyepasua mawe ya kuezekea miaka arobaini hilo ni jambo la kusikitisha, basi nimeacha kutazama juu.

Nimeisoma haja yako. Methali ya manahodha nilikufundisha mimi katika shule ya Jumapili, na nadhani nilikufundisha pia kwamba methali si hoja. Barua yako ina kasoro nyingine. Umeniambia unataka uwezo wa kuchagua. Hukuniambia unataka kumwingiza nani ambaye kamati haimtaki, wala kumtoa nani ambaye kamati inamtaka. Mtu hatafuti kisu kama hana mkate wa kukata.

Hadi nitakapojibiwa hayo, sitii saini popote.

Goronwy hajaniandikia tangu mwezi wa tano. Mwambie kwamba baba yake bado yu hai na anajua kusoma.

Msalimie dada yangu. Goti alifunge kwa sufu, si kwa pamba.

Mjomba wako,
Cadwaladr Wynne


Blaenddu
Jumatatu, 9 Oktoba 1961

Kwa Mjomba Cadwaladr,

Mama amefunga goti kwa sufu na anakiri kwamba ulisema kweli, ingawa amekiri kwa sauti ndogo. Paa la jikoni lilivuja, nikapanda kulitengeneza. Watu watatu walisimama barabarani kuniangalia, na kila mmoja alikuwa na maoni yake. Mwezi ujao wilaya itapiga kura kuamua kama baa zifunguliwe Jumapili. Mchungaji amehubiri juu ya jambo hilo mara nne, na mahubiri ya nne yalikuwa marefu, kwa hiyo wazee sasa wanampenda.

Tumecheza mechi nane, tumefungwa tano. Jumamosi iliyopita mtu mmoja aliniita kutoka kwenye uzio: "Ithel! Zile kofia zako tisa umezisahau nyumbani?" Mwenzake akamjibu: "Hapana, amewavalisha wachezaji, ndiyo maana hawaoni mpira." Sikugeuka. Walisema kweli kuhusu kuona. Tunashika nafasi ya pili kutoka mkiani, na timu mbili zitashushwa daraja.

Umeniuliza ni mchezaji gani. Sina mtu maalumu. Ninachotaka ni mpango wa kazi. Meneja akilaumiwa kwa kikosi, basi kikosi kiwe chake. Kule Uingereza hakuna klabu inayopanga kikosi kwa kunyoosha mikono. Ningewaeleza wenzangu wa kule wangedhani nimelewa, ingawa siku hiyo nisingekuwa nimeonja hata bia. Klabu moja ya kule imeniandikia ikitaka niende kufundisha timu yake ya akiba. Nimewaomba wangoje hadi mkutano mkuu. Nisipopata uwezo wa kupanga kikosi, nitaondoka.

Goronwy nilimfikishia ujumbe wako. Alisema ataandika. Msimu huu, akiwa mshambuliaji wetu wa kati, amefunga bao moja, la penalti.

Mpwa wako,
Ithel


Hamilton, Ontario
Jumatatu, 13 Novemba 1961

Ithel,

Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa wala sikukosa wino.

Eluned na mumewe hawajambo. Bustani imelala. Nimesikia kwamba wilaya yetu imekataa kufungua baa Jumapili, nami nimefurahi, ingawa nawafahamu watu wawili katika kamati yako ambao wamefurahi kidogo kuliko mimi.

Nitakueleza jambo ambalo mama yako analijua nusu, maana alikuwa mchanga. Babu yako, yaani baba yangu, alichimba mawe hapo Blaenddu. Siku zile mnyapara mmoja ndiye aliyegawa mwamba. Kila mwanzo wa mwezi wanaume walipanga mstari mbele yake, kofia mkononi, naye akamwonyesha kila mmoja sehemu yake ya kufanyia kazi. Mwenye kumpelekea mnyapara paja la nguruwe au mayai alipewa mwamba mzima unaopasuka vizuri. Asiyepeleka alipewa mwamba uliooza. Baba hakupeleka kitu. Mwezi wa tatu mwaka 1903 alipewa kona ambayo kila mtu alijua kwamba ni mbovu, na siku ya tisa ikamwangukia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mnyapara hakuja nyumbani kwetu. Alimtuma karani alete koti na mkebe wa chakula.

Tulipoianzisha klabu, wengi wetu tulikuwa wana wa wanaume wa namna hiyo. Tuliapa kwamba hapo Blaenddu hakuna mtu atakayesimama tena mbele ya mtu mmoja kungoja apewe nafasi yake, hata kama nafasi yenyewe ni ya kucheza mpira tu. Mambo yetu tulikuwa tukiyaamua katika kibanda cha kulia chakula kule machimboni: hoja, mwunga mkono, kura. Tukaona hata kikosi kichaguliwe hivyo. Hiyo ndiyo kanuni ya saba. Sasa wewe unaniomba nimrudishe mnyapara, na unataka awe wewe.

Liko na la pili. Uliandika kwamba huna mtu maalumu, kisha ukaniambia mwanangu amefunga bao moja la penalti. Mimi si mtoto, Ithel. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huenda mimi pia navutia kwangu, maana Goronwy ni damu yangu. Kwa sababu hiyo nakuuliza waziwazi, nawe unijibu vivyo hivyo: je, unataka kumtoa Goronwy? Na kama ni hivyo, kwa nini?

Cadwaladr Wynne


Blaenddu
Jumatatu, 4 Desemba 1961

Kwa Mjomba Cadwaladr,

Mama anakusalimu. Ameoka mikate mitatu ya zabibu kwa ajili ya Krismasi, na mmoja nimeshaumaliza bila ruhusa. Theluji ya kwanza ilianguka Ijumaa, juu ya machimbo tu, mjini hakuna. Kwaya inafanya mazoezi ya Krismasi. Mwaka huu Goronwy hasimami na waimbaji wa besi. Amepewa kazi ya kugawa vitabu mlangoni. Nest amebadilisha desturi za nyumba yake: chai haipikwi tena, ni maziwa ya moto tu, na Mama akienda kuwatembelea hurudi na kiu. Jumapili Goronwy nami tulipanda pamoja kutoka kanisani hadi kwake. Alisimama mara tatu kunionyesha milima, kana kwamba mimi ni mgeni.

Sasa najibu. Ndiyo, nataka kumtoa Goronwy.

Kwa nini, hilo siwezi kuliandika. Si umri, maana ana miaka thelathini na minne, na nimecheza na watu wa miaka thelathini na minane. Si ugomvi, maana hatujagombana tangu tulipokuwa wadogo. Nilimwahidi mtu kwamba sitalisema, nami sitalisema. Kama ahadi hiyo itaninyima saini yako, basi nitaikosa.

Habari za babu nilikuwa sizijui. Nilijua tu kwamba alifia kazini.

Alhamisi iliyopita niliomba ruhusa ya kusema kabla ya kura. Nilisema: "Jumamosi mpumzisheni Goronwy, wiki moja tu." Parry Misumari akauliza kama kuna anayetoa hoja hiyo. Watu tisa walitazama kofia zao. Tegid Posta alikohoa, halafu mwingine naye akakohoa, halafu Parry akasema, "Haya, tuendelee. Mshambuliaji wa kati, Goronwy Wynne. Mtoa hoja?" Mikono tisa ikapanda. Nilipokuwa nikitoka, Tegid alinifuata hadi mlangoni. "Usituone wajinga," akaniambia. "Hatuwezi tu." Nikamuuliza hawawezi nini. Akavaa kofia akaenda zake.

Mpwa wako,
Ithel


Blaenddu
Jumatatu, 1 Januari 1962

Kwa Mjomba Cadwaladr,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mama hajambo.

Sijapata barua yako. Mkutano ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jumamosi tulicheza ugenini kwenye upepo mkali, na Goronwy alicheza dakika zote tisini, maana kamati ndiyo iliyomchagua. Mwishoni alikaa juu ya ndoo katika chumba cha kubadilishia nguo kwa muda mrefu. Wenzake walikwisha kuoga na kuvaa. Alituambia tumtangulie kwenye basi.

Wale wa Uingereza nimewaambia nitawajibu tarehe 12.

Ithel


Hamilton, Ontario
Alhamisi, 28 Desemba 1961

Ithel mpwa wangu,

Sisi sote tu wazima. Krismasi ilikuwa tulivu. Eluned alipika bata mzinga, ndege mkubwa asiye na ladha.

Barua yako ya tarehe 4 nimeisoma mara nyingi. Hukuvunja ahadi yako. Nakushuhudia kwa hilo, na ikibidi nitakushuhudia hivyo hata mbele ya huyo uliyemwahidi. Lakini uliniandikia habari za nyumbani, na habari za nyumbani nazijua kuzisoma. Mwimbaji wa besi mwenye miaka thelathini na minne hagawi vitabu mlangoni. Mtu aliyezaliwa kwenye mteremko ule hasimami mara tatu kutazama milima aliyoiona tangu utotoni. Na hapo Blaenddu nyumba huacha chai kwa sababu moja tu. Daktari wa machimbo alimwambia hivyo mdogo wangu, akamwambia fundi aliyefanya kazi kando yangu, akawaambia wengine nisiowakumbuka idadi: si vumbi la mawe, ni chai mnayoichemsha mno, acheni chai. Waliacha chai, na vumbi halikuwaacha.

Goronwy ana vumbi kifuani. Huna haja ya kunijibu hilo, na usinijibu.

Umeuliza wanaume wale tisa hawawezi nini. Nitakueleza, maana nilikaa nao miaka ishirini na saba. Hapo kwetu mtu hasemi kwamba mwenzake ana vumbi. Mwenyewe hulisema, au halisemwi. Tena kila mmoja katika chumba kile anakohoa. Atakayetoa hoja ya kumtoa Goronwy kwa ajili ya pumzi, amejitolea na yeye mwenyewe hoja kwamba hafai kazini, na nyumbani ana watu wanaokula. Ndiyo sababu wanatazama kofia. Wanamwinulia mikono kwa kumpenda, na kwa kumpenda watamwua uwanjani.

Niliiandika kanuni ile ili mtu mmoja asiweze kutenda ubaya. Sikufikiri kwamba watu tisa wema waweza kuuacha ubaya utendeke, kila mmoja akimngoja mwenzake. Hilo ni kosa langu la kufikiri, na nimelisahihisha nikiwa na miaka sabini na moja. Afadhali kulisahihisha nikiwa na miaka sabini na moja kuliko kutolisahihisha.

Saini yangu iko kwenye karatasi iliyomo ndani ya barua hii. Nimeandika kanuni mpya kwa ukamilifu ili wasipate nafasi ya kuichezea lugha. Meneja atachagua kikosi peke yake. Lakini nimeongeza sharti, nalo halivunjwi: mchezaji yeyote atakayetolewa, meneja atakwenda nyumbani kwake kwa miguu yake na kumwambia mbele ya uso wake, kabla ya orodha kutundikwa kwenye mlango wa duka la Parry. Hatatuma mtu. Hataandika barua. Hilo usiponitimizia, wewe ni mnyapara, nami nimekosea mara mbili.

Kwa Goronwy usinisemee neno. Yangu nitamwandikia mwenyewe, nikijua la kuandika.

Mjomba wako,
Cadwaladr Wynne


Blaenddu
Jumatatu, 15 Januari 1962

Kwa Mjomba Cadwaladr,

Mama hajambo. Goti lake lina nafuu, na theluji imeondoka. Barua yako ilifika tarehe 8, siku tatu kabla ya mkutano.

Alhamisi Parry Misumari aliisoma karatasi yako akiwa amesimama. Alipomaliza aliipitisha mezani ili kila mtu auone mkono wako. Mzee mmoja alisema herufi zako bado zimesimama wima kama askari. Tegid Posta aliishika muda mrefu kuliko wengine wote, kisha akaniuliza: "Cadwaladr anamjua atakayetoka?"

"Anamjua."

"Na ametia saini?"

"Unaiona mkononi mwako."

Mikono tisa ilipanda. Walipokuwa wakitoka, wawili walinishika bega. Parry peke yake ndiye aliyesema: "Sasa matusi yote ni yako, Ithel. Sisi tumestaafu."

Ijumaa saa kumi jioni nilikwenda kwa Goronwy, kwa miguu, kama ulivyoagiza. Alikuwa amerudi kazini muda huohuo na vumbi liko bado kwenye nyusi zake. Nest alinifungulia mlango, akaniangalia usoni, akasema, "Ingia. Maziwa yapo." Goronwy alikuwa amekaa karibu na moto akipaka mafuta viatu vyake vya mpira.

"Nimekuja kukwambia kabla sijatundika orodha," nikasema.

"Umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bosi mzima! Nest, mpe kiti chenye mto." Aliendelea kupaka mafuta. "Nani anaingia?"

"Heilyn."

"Yule mchunga kondoo? Yule anakimbia kama kuna kitu kinamfukuza!"

"Ndiyo maana."

Alichovya kitambaa kwenye mafuta. Halafu akauliza, "Ulimwambia Baba?"

"Sikumwambia."

"Usinidanganye, Ithel. Baba asingetia saini ile kwa ajili ya mpira. Namjua."

"Nilikuahidi, na sikumwambia."

Alimgeukia mkewe. Nest akasema, "Mimi sijamwandikia baba yako tangu Pasaka, na wewe tangu lini?" Goronwy alimaliza kiatu cha kwanza, akachukua cha pili, akakipaka chote mpaka kwenye matundu ya kamba, ingawa sasa hakuna aliyehitaji kiatu hicho. Mimi nilikunywa maziwa. Nest alisimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Amesemaje?" Goronwy akauliza mwishoni.

"Amesema nije hapa kwako mwenyewe."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Kurasa ngapi?"

"Tatu."

"Kurasa tatu, na kwangu hakuna neno?"

"Alisema yake atakuandikia mwenyewe."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda. Nest alitazama dirishani hadi kilipokwisha. Kisha Goronwy akaniambia: "Asante sikupi, bwana mkubwa."

"Sikuja kuifuata."

"Haya. Nenda katundike karatasi yako, giza linaingia. Na huyo mchunga kondoo mwambie beki wao wa kushoto anavuta jezi. Mwambie asimpe mgongo."

Nilitundika orodha saa kumi na moja na nusu. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya duka. Walisoma, wakanitazama, wakasoma tena. Hakuna aliyenisalimu.

Wale wa Uingereza nimewaandikia kwamba siji.

Jumamosi tulifungwa bao moja kwa sifuri. Heilyn alikosa nafasi mbili ambazo mtu yeyote hapa mjini, wanawake wakiwemo, anasema Goronwy asingezikosa, na huenda ni kweli. Beki wao wa kushoto alivuta jezi. Bado tu wa pili kutoka mkiani.

Goronwy alikuja. Nilidhani atabaki nyumbani, lakini alilipa kiingilio mlangoni kama watu wote, akasimama kwenye uzio nyuma ya benchi langu, koti limefungwa hadi shingoni. Umati ulinitukana tangu filimbi ya kwanza, naye alitukana pamoja nao: kwamba sijui mpira, kwamba kofia tisa niliziokota, kwamba nirudi nilikotoka. Tusi moja, kisha alipumzika. Tusi jingine, kisha alipumzika. Alifanya hivyo dakika zote tisini. Sauti yake haikuvuka hata mstari wa pembeni. Niliisikia kwa sababu nilikuwa nikiisikiliza.

Mpwa wako,
Ithel